Fundi Asiudhiwe

Kilichokuwa kikimtia Fundi wazimu siku hizi ni neno "sawa". Neno wazimu alilitumia mwenyewe, kimoyomoyo, maana nyumbani kwake lilishapigwa marufuku. Akisema chai haina sukari, sawa. Akisema kikombe kile kile kina sukari nyingi mno, sawa. Siku moja kwa hasira alisema leo Ijumaa, na ilikuwa Jumanne, na watu wazima watatu wakatazamana, wakakubaliana kwamba ndiyo, ni Ijumaa.

Siku yake ilianza kwa filimbi. Dada yake mkubwa alikuwa mwalimu wa michezo aliyestaafu bila kukubali kwamba amestaafu. Alifika kabla jua halijachomoza vizuri, na raba zake nyeupe, akapuliza filimbi mlangoni kama vile ndani mna darasa zima. Mtaa ulimwita Kamanda, naye alijua, na alipenda.

"Mdogo wangu! Miguu!"

Fundi alitoka. Walitembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, Kamanda akimwamuru pumzi kwa sauti, ingiza, toa, ingiza, toa, utadhani mapafu ya Fundi ni mali ya serikali. Waliokuwa wakifagia mbele ya maduka waliacha kufagia na kumsalimia kwa sauti ya msibani. Unaendeleaje, Fundi? Pole pole, Fundi. Fundi akatabasamu huku meno yakiuma.

Na kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba kutembea kule kulimsaidia. Hakuwa mjinga, aliona. Usingizi ulikuwa umerudi, chakula kilikuwa na ladha tena, na ule uzito wa asubuhi uliokuwa ukimkalia kifuani ulikuwa umepungua mpaka siku nyingine akausahau. Nesi wa kliniki, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa amewaambia mambo ya kawaida tu. Alale kwa wakati, ale kwa wakati, ameze dawa zake, atembee, asikae peke yake, arudi kazini kidogo kidogo, na mizigo yote ya nyumba asiibebe yeye. Kamanda aliyapokea maneno hayo yakiwa mazima. Kabla hajafika nyumbani yalikuwa yameshageuka amri, na lile la mwisho lilikuwa limepotea kabisa, mahali pake pamekaa neno jingine: asiudhiwe. Akalitangaza nyumba kwa nyumba. Fundi asiudhiwe, asibishiwe, asipandishiwe sauti. Alitaka hata mikasi ifichwe, mpaka alipoulizwa kama nguo za watu zitakatwa kwa meno.

Hao wote Fundi angewavumilia. Aliyemshinda ni mkewe.

Mkewe aliitwa Mkasi, na jina hilo hakulipewa kwa sababu ya kazi peke yake. Walifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba, mlango ukitazama barabara, cherehani mbili dirishani na meza ya kukatia katikati. Fundi alimpima mteja na kutaja vipimo kwa sauti, Mkasi akachora kwa chaki na kukata. Hawakuandika kitu, na tangu waoane hakuna kipimo kilichopita mezani bila kesi.

"Kifua arobaini," Fundi angesema.

"Arobaini ya nani? Huyu amebana pumzi. Mwambie apumue."

"Nimempima mimi."

"Umempima, hujamtazama."

Mteja angesimama hapo mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, wao wakigombana juu ya kichwa chake mpaka aombe maji. Wageni waliogopa. Wenyeji walikuja mapema wapate kiti. Na nguo zilikaa mwilini bila kasoro, kwa sababu kila inchi ilikuwa imepiganiwa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimweka Fundi sawa miaka yote, kabla hajajua kwamba kuna kuwekwa sawa. Aliamka na kisirani chake akijua kuna mtu atakayemkaba kooni mpaka mchana. Mchana watakula wote wawili wamenuna. Jioni atakuwa ameshinda kesi moja na kushindwa tatu, na atalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Kisha likaja lililokuja. Watu walitafuta sababu wakachoka, maana hakukuwa na msiba wala ugomvi na mtu. Fundi alianza tu kuacha kubisha. Mkasi akisema thelathini na nane, Fundi anaitikia kwa kichwa. Baadaye akaacha kushona, akalala ameuelekea ukuta, wiki baada ya wiki. Halafu alasiri moja akaondoka nyumbani, na mkewe akamkuta darajani, ng'ambo ya kile chuma cha kushikilia. Akamshika kola. Akamrudisha nyumbani kwa miguu bila kusema neno, na kesho yake wakaenda kliniki, na habari ya daraja haikutajwa tena na mtu yeyote katika nyumba ile.

Tangu hapo Mkasi alikuwa amekwisha. Mwanamke aliyekuwa hana simile sasa anatembea kwa vidole. "Unaonaje, mume wangu?" "Kama unavyotaka, mume wangu." Mume wangu! Alikuwa akimwita Fundi, au wewe, na akiwa amefurahi sana, wewe Fundi. Kila akisikia lile mume wangu, Fundi aliona kama anafunikwa shuka usoni.

Basi wiki ile Kinyozi, jirani wa nyumba ya pili, akaleta kitambaa. Kilikuwa cha bluu iliyokolea, kizito, zawadi kutoka kwa bintiye aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Kinyozi alitaka koti la kumsindikiza nalo. Alinawa mikono kabla ya kukigusa, akakiweka mezani, akarudi nyuma kukitazama.

Fundi akampima mabega, kifua, urefu, na kila kipimo Mkasi akaitikia sawa, mume wangu. Kufika kwenye mikono, mori ukampanda Fundi. Kinyozi ana mikono mirefu ajabu. Mtaani wanasema anaweza kumnyoa mtu wa ng'ambo ya barabara bila kutoka dukani kwake. Fundi akaitazama futi, akakiona kipimo vizuri kabisa, akataja kingine, kifupi kwa upana wa kiganja kizima.

Chaki ya Mkasi ikasimama.

Fundi aliiona ikisimama, na moyo ukamdunda kwa furaha. Haya, akasema kimoyomoyo. Haya, mama. Njoo. Mkasi akaitazama mikono ya Kinyozi iliyokuwa inaning'inia hadi karibu na magoti. Akakitazama kitambaa. Akamtazama mumewe, kwa muda mrefu.

"Sawa, mume wangu," akasema, akachora.

Fundi angeweza kusema ngoja. Nafasi ilikuwepo, mkasi ulikuwa bado mkononi haujaingia kwenye kitambaa. Hakusema, na hapa asitetewe na mtu. Ukaidi ulimshika. Alitaka kuona mkewe atafika wapi, na mkewe akafika mwisho: akakata mkono wa kulia, akakata wa kushoto, akampelekea mumewe vipande cherehani vikiwa vimekunjwa vizuri. Fundi akashona. Akatia bitana, akapiga pasi, akapachika vifungo, siku mbili nzima, hasira ikiingia na kutoka na sindano, akisubiri kinywa kimoja katika nyumba hiyo kifunguke kimwambie kwamba amekosea. Mkasi alipita nyuma yake sijui mara ngapi, akamwekea chai.

Alhamisi mchana Kinyozi akaja kulijaribu koti. Akalivaa mbele ya kioo kirefu. Mabega yalikaa, kifua kilikaa, kola ilimlala shingoni kama imezaliwa hapo. Mikono ya koti ikaishia njiani. Vifundo vyote viwili vya mikono vilikuwa nje, na nyuma yake kipande kirefu cha mkono na vinyweleo vyake.

Uso wa Kinyozi ukaanguka. Fundi aliuona kwenye kioo ukianguka. Kisha macho ya Kinyozi yakaenda kwa Mkasi, Mkasi akatikisa kichwa kidogo sana, na Kinyozi akaokota tabasamu mahali fulani akalivaa.

"Limenikaa, Fundi. Limenikaa sana."

"Mikono je?"

"Mikono…" Kinyozi akainyoosha, koti likapanda zaidi. "Mikono ina hewa."

"Ina hewa?"

"Mimi si mtu wa nywele, Fundi? Mikono mirefu inaokota nywele."

"Kwa hiyo harusini kwa mwanao utanyoa watu?"

"Huwezi kujua," Kinyozi akasema, jasho likimtoka. "Watu huja hawajanyoa."

Fundi akasikia kitu kinakatika ndani yake.

"Nitukane!" akafoka. "Nimekuharibia kitambaa cha mwanao! Utasimama mbele ya wakwe kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake! Huoni? Nitukane, basi! Niambie Fundi wewe ni mshenzi, nilipie kitambaa changu!"

"Fundi, tulia. Vuta pumzi. Ingiza, to…"

Futi ikampita Kinyozi sikioni. Mkebe wa vifungo ukafuata, ukapasuka ukutani. Kinyozi akatoka kinyumenyume na koti mwilini, mikono yake mirefu mbele, akigonga fremu ya mlango, akakimbia kuelekea alikojua msaada unapatikana.

Fundi akageuka.

"Na wewe uliona!"

"Niliona nini, mume wangu?" Mkasi alikuwa ameinama, anaokota vifungo.

"Usiniite mume wangu! Uliona kipimo kimekosewa. Chaki ilisimama, nimeiona kwa macho yangu. Siku mbili nasubiri useme, siku mbili nzima nashona uchafu ule! Nilikitaja kusudi. Nilitaka kujua kama bado upo humu ndani au nimeoa ukuta!"

Mkasi akaacha kuokota. Akasimama taratibu, vifungo vikiwa ndani ya ngumi.

"Kusudi?"

"Kusudi."

Akachukua ile rula ndefu ya mbao akaipiga mezani mpaka chaki zikaruka.

"Mpumbavu wewe!"

Fundi, Mungu amsamehe, alitaka kucheka kwa raha. Miezi yote ile hajatukanwa. Lakini akamwona mkewe usoni, na raha ikamkauka.

"Kitambaa cha mtoto wa watu! Binti wa watu kamnunulia baba yake, wewe ukakiharibu uone kama nitabisha?"

"Umekata wewe."

"Nimekata kwa sababu ulisema! Nilijua! Nilijua hujafunga hata mdomo! Unadhani macho yangu yamekufa? Huyo Kinyozi nimemkatia mashati tangu hajaota mvi. Nikasimama pale na chaki, nikasema moyoni, nikimbishia sasa, mbele ya mtu, akanyamaza, akaweka futi chini, akatoka nje, itakuwaje? Nikapima. Hapa kitambaa, hapa wewe." Sauti ikampasuka. "Nikaona bora kitambaa."

Fundi akamkodolea macho.

"Na usinikodolee macho. Ulitaka ugomvi, si ndiyo? Nitakupa ugomvi. Siku ile ulipanga ndala."

"Ndala gani?"

"Ndala gani! Maisha yako yote unavua moja huku, moja kule, nimegombana na wewe mpaka nimechoka. Siku ile nakuja na sufuria mkononi nazikuta mlangoni, zimelala pamoja, zimetazama ndani. Nikajua pale pale. Mtu anayerudi hapangi ndala vile. Hukuniachia neno, Fundi. Hukuniamsha, nilikuwa nimejilaza chumba cha pili tu, hatua mbili! Uliniachia ndala!"

Alikuwa analia sasa, kwa hasira, bila kujifuta.

"Nimekimbia mitaa yote kabla ya lile daraja. Nimegonga milango ya watu. Na nilipokuona umesimama kule nilitaka nikutandike makofi mbele ya magari yote yale. Nikakushika kola nikasema twende, maana nilijua nikifungua mdomo sitaufunga. Tukaja nyumbani. Nikaambiwa asiudhiwe. Sawa, asiudhiwe. Na mimi niliyeudhiwa nikamwambie nani? Nyie asubuhi mnakwenda tangini, mnaingiza, mnatoa, mimi hapo ndipo ninapopata nafasi ya kulia. Nalia kwenye vyombo, nanawa uso, nasikia filimbi mnarudi, nakenua meno. Nalala jicho moja. Ukigeuka kitandani naamka. Ukienda msalani nahesabu. Nani amewahi kuniambia mimi nitembee? Nani kaniuliza kama nimekula?"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Kamanda aliingia filimbi mdomoni, na nyuma yake Kinyozi, koti bado mwilini.

"Wifi!" Kamanda akaitoa filimbi. "Tulikubaliana nini? Wifi, huyu ni mgonjwa! Tulisema asiudhiwe!"

"Dada," Fundi akasema, "toka nje."

"Mdogo wangu, kaa chini, vuta…"

"Nitavuta nikitaka. Toka na filimbi yako, na huyo mwongo wa mikono ina hewa utoke naye. Mke wangu ananigombeza."

Kamanda hajawahi kuondoka mahali bila kumwamuru mtu kitu. Akatafuta la kuamuru, akalikosa, na midomo ikaanza kumtetemeka. Fundi akakumbuka kwamba huyu naye ni dada wa mtu, kwamba alipigiwa simu siku ile akaja mbio na viatu viwili tofauti, na kwamba hakuna kitu duniani alichofundishwa kufanya na hofu zaidi ya kuipigia filimbi. Akamwonea huruma, na hasira yake kwake haikwisha kwa sababu hiyo.

"Kesho asubuhi nitakuja kutembea," akamwambia. "Bila kuhesabiwa. Sasa nenda."

Kamanda akatoka. Wakamsikia anakaa kwenye ngazi ya nje, na Kinyozi anamwambia pole, na Kamanda anamwambia anyamaze.

Ndani, Mkasi alikuwa bado amesimama na rula. Pumzi zilikuwa zinampanda na kushuka.

"Bado unataka?" akauliza.

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Bado unataka kufa?"

Nesi alikuwa amemuuliza hivyo, katika kile chumba chake chenye mlango wa kufungwa, na Fundi alimjibu. Nyumbani hakuna aliyewahi kuthubutu. Jibu rahisi lilikuwepo, lile wanalolipenda watu wote, na Fundi akalisikia likimjia mdomoni. Akalimeza. Chumba chao cha kazi kilikuwa kimeshajaa uongo wa kutosha.

"Siku nyingi, hapana," akasema. "Siku nyingine wazo linanijia kichwani. Linapita, kama gari linavyopita hapo nje. Leo halijapita hata moja, nilikuwa na hasira mno."

"Na likisimama?"

"Nitakwambia."

"Utamwambia nani?"

"Wewe. Nitakwambia wewe. Hata kama umelala, nitakuamsha."

"Hata kama nimekununia."

"Hata kama umeninunia."

Mkasi akamkazia macho kama anavyoitazama nguo ya fundi mwingine, akitafuta ilipounganishwa. Akaiweka rula mezani. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kliniki Fundi akaona jinsi mikono ya mkewe ilivyokonda, pete ikizunguka kidoleni. Alikuwa ameishi na mwanamke huyo chumba kimoja miezi yote hiyo, akijaa hasira kwamba wote wanamtazama yeye, na yeye hakuwa amemtazama mtu.

"Kaa," akasema, akamsogezea kiti chake cha cherehani.

"Sikai."

"Kaa, utaanguka."

"Nikianguka nitaanguka mwenyewe, usinipangie!" Akakaa. Akajifuta uso kwa kipande cha bitana. "Nimekukasirikia, Fundi. Usidhani nikilia ndiyo yamekwisha. Nimekukasirikia tangu lile daraja, na sijasema hata nusu. Na kesho nitaamka bado nimekukasirikia."

"Kesho nitakuwepo," Fundi akasema.

Mkasi akamtazama, akashusha pumzi ndefu, akaanza upya tangu mwanzo, na Fundi akaketi sakafuni katikati ya vifungo, akamsikiliza.